Mwenye Kipingamizi Aje

Watu wa Inverkellie hudhani niliomba kazi ya uhudumu wa kanisa kwa sababu ni kazi ya kimya. Unabeba Biblia mbele ya mchungaji, unaiweka mimbarini, unamfungulia kijimlango apande, unamfungia, unarudi kukaa. Hakuna anayekutaka useme neno. Waache wadhani hivyo. Niliiomba kwa sababu ya Gilbert Lorimer.

Kaka yangu Innes alipokuwa bado anasomea uchungaji, alikuja kwetu kipindi cha mazoezi. Jumapili ya meza ya Bwana yeye ndiye aliyekata mkate asubuhi, vipande vidogo sawasawa, mama akimtazama kwa fahari. Wakati huo habari zake, kwamba anapenda wanaume, zilikuwa zimeshaanza kunong'onwa. Lorimer, mzee wa kanisa aliyekuwa zamu ya kugawa, alipokea sinia, akaligeuza geuza, akalirudisha mezani. Akasema, kwa sauti ya mtu anayekataa chai iliyopoa, "Mimi sigawi mkate ulioshikwa na mikono hiyo."

Hakuna aliyemjibu. Wazee wengine nao wakayaweka masinia yao chini. Innes alivua joho lake, akalikunja, akapita katikati ya kanisa zima mpaka mlango mkuu. Ilikuwa njia ndefu. Nilikuwa msichana wa shule, nimekaa karibu na mama, nikamwona akiufuata mgongo wake kwa macho mpaka mlango ulipofungwa. Mama hakukanyaga tena kanisani. Alikufa wakati Innes yuko ng'ambo, Uholanzi, akifundisha watoto kupiga kinanda.

Sasa mambo yamebadilika. Kanisa limewaruhusu watu kama yeye kuwa wachungaji. Innes alimaliza masomo yake hukohuko, akaolewa na Joost, au akamwoa, sijui inasemwaje, na usharika wetu ulipobaki bila mchungaji, aliomba nafasi hiyo. Walimsikiliza akihubiri, wakapiga kura, wakamtaka. Wengi wao ni walewale waliokaa kimya siku ile.

Ilibaki kusimikwa tu. Na kabla ya kusimikwa kuna desturi moja ya zamani. Wachungaji wa presbiteri, baraza la sharika za eneo letu, hukutana kwanza katika chumba kilicho nyuma ya mimbari, kisha humtuma mhudumu kanisani akatangaze: mwenye kipingamizi juu ya maisha au mafundisho ya huyu anayesimikwa, aje sasa hivi mbele ya presbiteri, na ushahidi mkononi. Akija na ushahidi wa kweli, shughuli inasimama. Asipokuja mtu, mlango umefungwa, hakuna wa kusema tena.

Hajawahi kuja mtu. Kwetu watu wa heshima hukaa viti vya nyuma, kwa hiyo mhudumu husimama kwenye mlango wa chumba, huvinong'oneza vile viti vya mbele visivyo na mtu, na kurudi kusema hakuna. Ni kazi ya pumzi moja.

Mchana wa siku yenyewe nilikuwa napanga vikombe ukumbini. Lorimer akaingia na koti lake la mvua.

"Binti Imrie. Leo mtauliza?"

"Tutauliza, Mzee Lorimer."

"Basi useme kwa sauti. Wewe huongea kama panya aliyeingia ndani ya gunia la pamba."

"Nitajitahidi."

"Marehemu mama yako alikuwa na sauti. Sijui ilipotelea wapi."

Niliweka kikombe chini. Nilimtazama alivyotoka, mgongo umenyooka, na nikajua kwamba atakuja. Sikujua ana nini. Huenda hakuwa na lolote zaidi ya chuki yake. Huenda alikuwa amechimba jambo huko Uholanzi, mtu anapotafuta hakosi. Ningeweza kuvinong'oneza viti vya mbele kama wahudumu wote kabla yangu, na sikio la Lorimer lisingeshika kitu. Innes angekuwa salama. Nilijua hilo vizuri kabisa.

Jioni kanisa lilijaa, viti vya mbele tu vikibaki vitupu. Chumbani, wachungaji walikaa kuizunguka meza, mwenyekiti wao Mchungaji Haldane, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Innes alikuwa pembeni, magoti yamebanana. Joost alikuwa kanisani, kiti cha nyuma, na tai iliyopinda.

"Haya, Greer," akasema Haldane. "Katangaze, uje upesi. Supu inapoa ukumbini."

Nilitoka. Sikusimama mlangoni. Nilipita viti vitupu, nikaenda, nikaenda, mpaka kiti cha Lorimer chini ya roshani, alipokaa na mkewe Netta. Nikasimama mbele yake hivi, karibu kiasi cha kunusa pipi ya mnanaa mdomoni mwake. Nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo:

"Mwenye kipingamizi juu ya maisha au mafundisho ya Innes Imrie, aje sasa mbele ya presbiteri, na alete ushahidi."

Watu wakageuza shingo.

Netta akamshika mkono wa koti. "Gilbert, kaa."

"Niache, mwanamke."

Akainuka. Nilitangulia, yeye akafuata. Tulipoingia chumbani Innes alipauka.

"Mzee Lorimer," Haldane akasema, "una nini?"

"Mnajua nilicho nacho."

"Sema, karani aandike."

"Anaishi na mwanamume."

"Ni mume wake. Tunajua. Baraza lenu lilijua, washarika walijua, wakampigia kura. Lingine?"

"Lingine la nini?"

"Uongo, wizi, ulevi. Fundisho la uzushi. Chochote chenye ushahidi."

Lorimer aligeuza kofia yake mkononi. Akatazama wachungaji mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta uso wa nyumbani stesheni. Mmoja alikuwa amekula kwake mara nyingi. Huyo akainamia kalamu yake.

"Kwani hilo halitoshi?"

"Halitoshi tena, Gilbert," Haldane akasema kwa upole.

"Zamani lilitosha."

"Ndiyo. Zamani lilitosha."

Karani aliandika maneno machache, akakausha wino. Kipingamizi kikawa kimekwisha. Lorimer alibaki amesimama, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza nikaona amezeeka. Chumba kile kina milango miwili, mmoja wa kanisani, mmoja wa uani. Akageukia wa uani, akautikisa.

"Nifungulie huu, binti."

"Umefungwa."

"Naona umefungwa. Ufunguo unao wewe."

"Nimeusahau nyumbani."

Nilipogeuka, funguo zikalia mfukoni mwangu. Alizisikia. Innes alizisikia. Lorimer akanitazama, na macho yake yakaniomba, yakaniomba kweli.

"Greer," akasema Innes.

Nikafungua mlango wa kanisani.

Nilimtangulia kama ninavyomtangulia mchungaji, hatua za ibada, polepole. Alipotaka kunipita nikabaki katikati ya njia. Kila mtu alimwona. Hakuna aliyezomea wala kucheka, sisi si watu wa hivyo. Walimtazama tu, wakaacha hata kutafuna pipi zao. Tulipofika kwenye kiti chake, Netta hakusogea kumpisha.

"Umeridhika sasa?" akamwuliza, na safu nne zilisikia.

Akasimama hapo njiani mpaka mkewe alipoamua kuvuta koti lake kitini, akampisha.

Kaka yangu akasimikwa. Nilibeba Biblia, nikaiweka mimbarini, nikamfungulia kijimlango apande.

Baadaye Innes alinifuata jikoni kwenye ukumbi, kola mpya shingoni, akafunga mlango.

"Ungeweza kunong'ona."

"Ningeweza."

"Na kama angekuwa na kitu, dada? Hata cha kubuni? Ulicheza kamari na maisha yangu."

"Hakuwa nacho."

"Hukujua."

"Sikujua."

Alinitazama. Alikuwa na macho ya mama. "Ule mlango ungemfungulia. Mimi ningemfungulia."

"Wewe ulifunguliwa upi?"

Alichukua vipande vya keki, akavifunga kwenye kitambaa cha karatasi. "Naenda kwake sasa hivi. Ndiyo kazi yangu ya kwanza hapa. Twende wote, umwombe radhi, yaishe."

"Nenda wewe. Wewe ndiye mchungaji."

"Greer."

"Keki mpelekee. Radhi sina."

Akatoka, Joost nyuma yake na mwavuli. Kupitia dirishani niliwaona wakipanda mlima kuelekea nyumba ya Lorimer, wakagonga, wakangoja kwenye mvua. Taa ya juu ikazimwa. Hakufungua. Innes akagonga tena, akaiweka ile keki kizingitini, akabaki amesimama.

Nilijimiminia supu, nikaila yote. Ilikuwa bado ya moto.