Ufunguo Mkononi mwa Nehemiah

Nehemiah Simiyu alikuwa amepiga magoti chini ya roketi, akipangusa mchanga kwenye plagi ya umeme, wakati moto ulipowaka juu ya kichwa chake.

Ilikuwa saa tisa na dakika arobaini alasiri, kwenye uwanja wa kurushia ulioko ufukweni mwa Bahari ya Shamu, mwendo wa saa tatu kaskazini mwa Jeddah. Elkanah Wekesa alikuwa ndani ya kontena la kuongozea, mita mia tatu kutoka hapo, macho yake kwenye skrini mbili. Yeye ndiye aliyetengeneza ubongo wa roketi ile: kompyuta ndogo iliyopima mwelekeo, kasi na joto, pamoja na programu iliyoamua moto uwake lini na parachuti ifunguke lini. Roketi yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa na urefu wa twiga dume, na kazi yake ilikuwa kupanda juu, kupima hewa, na kushuka.

Kampuni ilikuwa ya Riyadh, na karakana yake ilikuwa karibu na mtaa wa Al-Naseem, ambako Elkanah na Nehemiah walikaa chumba kimoja. Wote wawili walitoka Bungoma. Elkanah aliletwa na shahada yake ya uhandisi. Nehemiah aliletwa kuwa dereva, kisha akageuzwa mtu wa kila kazi, wa kuvuta nyaya, kuchimba mitaro na kulinda geti. Roketi aliiita ng'ombe. Kila asubuhi ya majaribio angeuliza, "Elka, ng'ombe wako atakubali kukamuliwa leo?" Jioni alisonga ugali kwa unga ulionunuliwa mtaa wa Al-Dirah, akiutukana unga huo kuanzia sufuria inapowekwa motoni hadi sahani zinapooshwa.

Siku hiyo ng'ombe alikataa. Skrini ilionyesha kwamba waya wa kuwashia haukushika vizuri, na wageni wakubwa walikuwa njiani kutoka Riyadh kuja kutazama. Basim, msimamizi wa urushaji, mhandisi aliyeajiriwa kutoka nje kama wao, alimtuma Nehemiah akaiangalie plagi.

Kulikuwa na sheria. Mtu akienda kwenye roketi, anachomoa ufunguo wa usalama kwenye paneli na kwenda nao mfukoni. Ufunguo ukiwa nje, moto hauwezi kuwashwa. Lakini ufunguo ule haukukata waya wenyewe. Uliiambia tu kompyuta kwamba mtu yuko chini, na kompyuta ndiyo iliyokataa. Na wiki tatu kabla, Basim aliposumbuka na majaribio ya karakana, alimwamuru Elkanah aandike njia ya mkato ndani ya programu: neno la siri la kuifanya kompyuta iupuuze ufunguo. Karakanani hakukuwa na baruti, hakukuwa na hatari. Elkanah aliiandika kwa dakika ishirini. Alisema ataifuta kabla hawajaenda ufukweni. Hakuifuta.

"Bado mafi signal, hakuna kitu," Basim alisema, akigonga meza kwa kalamu.

"Nehemiah bado yuko chini, bosi. Tungoje atoke."

"Akiwa hapo ndipo vizuri. Yeye atikise plagi, mimi nipime waya."

Elkanah alisikia vidole vya Basim vikigonga herufi. Aligeuka akaona taa kwenye skrini ya Basim ikitoka kijani na kuwa nyekundu: alikuwa ameandika lile neno la siri. Alipiga kelele, "Usiguse!" na kabla neno halijaisha, kontena zima lilitikisika.

Alikimbia. Roketi ilikuwa imepanda kombo, ikapinda juu ya maji na kupasuka. Vipande vya chuma viliendelea kuanguka baharini kama mtu anarusha mawe. Moshi mweupe ulilala juu ya zege. Nehemiah alikuwa ametupwa hatua kumi kutoka kwenye mnara. Nguo za mgongoni hazikuwapo, na ngozi nayo haikuwapo. Nywele zilikuwa zimeungua hadi kwenye kichwa, na sikio moja lilikuwa limekunjamana kama jani. Alikuwa hai. Elkanah alipiga magoti, mikono ikatafuta mahali pa kumshika bila kumuumiza, isipate.

"Ufunguo ninao," Nehemiah alisema. Midomo ilikuwa imepasuka. "Elka. Sikuusahau. Ninao."

Alifungua ngumi. Ufunguo ulikuwa umegandamana na kiganja.

Alifia ndani ya gari, nusu ya njia ya kwenda Jeddah, huku Elkanah akimmwagia maji ya chupa na kumwimbia wimbo wa kanisani kwa sababu hakujua lingine la kufanya. Hospitalini walimfunika. Basim, aliyekuwa amefuata kwa gari la pili, aliomba kuagana naye, akakaa na maiti dakika mbili peke yake. Alipotoka, ule ufunguo haukuwa tena mkononi mwa Nehemiah.

"Aliusahau kwenye paneli," Basim alisema pale pale koridoni, bila kupepesa macho. "Masikini. Uzembe mdogo tu."

Siku mbili baadaye, Ijumaa asubuhi, Elkanah aliitwa karakanani Riyadh. Hakukuwa na mafundi. Walikuwapo Basim na walinzi wawili ambao hakuwahi kuwaona. Kwenye meza kulikuwa na kompyuta iliyoletwa kutoka kontenani, ile iliyotunza kumbukumbu ya kila amri, saa yake, na meza ilikotoka.

"Wapelelezi wanaitaka kesho," Basim alisema. "Rekebisha. Iandike kwamba ufunguo ulikuwa ndani ya paneli, na kwamba mtambo ulijiwasha wakati yule mtu anachezea plagi."

"Sitaki, bosi."

"Unajua ni nani aliyeandika ile njia ya mkato? Ni mimi? Nikianguka, tunaanguka wawili."

Elkanah alitikisa kichwa. Mlinzi wa kwanza alimpiga tumboni kwa bomba la plastiki lililojazwa mchanga. Alipoinama, wa pili alimpiga uti wa mgongo. Walimpiga polepole, bila hasira, kama watu wanaotwanga. Alipotapika walimsogeza pembeni asiteleze, wakaendelea. Kisha walimwinua, wakaingiza mkono wake wa kulia katikati ya taya za jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania vyuma vya kukata, na Basim mwenyewe akashika mpini.

"Vidole hivi ndivyo vilivyoandika," alisema, akazungusha.

Kidole cha kati kilivunjika kwanza, kwa mlio mdogo, kisha cha pete. Elkanah alisikia sauti yake mwenyewe ikilia kama ya mnyama.

"Halas," alisema. "Halas, basi, nitaandika. Nitaandika."

Akaandika, kwa mkono wa kushoto, damu ikidondoka kwenye magoti. Alibadilisha mistari minne. Alipomaliza, katika kumbukumbu ile Nehemiah alikuwa mtu mzembe aliyejiua mwenyewe. Basim alichukua simu ya Elkanah na ikama yake, kile kibali cha kuishi nchini. "Kaa chumbani kwako mpaka nikuite. Bila ikama huendi popote."

Elkanah hakurudi Al-Naseem. Alijikokota hadi Al-Dirah, kwenye duka la unga la Noah, dereva Mkenya aliyepeleka vyakula Jeddah kwa lori. Noah aliuangalia ule mkono, akaufunga kwa vipande vya boksi na kitambaa, asiulize mengi.

"Ndugu, unakimbia nani?"

"Simkimbii mtu. Nipeleke Jeddah, mtaa wa Al-Hamra. Dada yake Nehemiah yuko huko."

Njia nzima, kuanzia alfajiri ya Jumamosi, alilala kati ya magunia akifikiri jambo moja. Basim hakujua mfumo ule kama alivyoujua yeye. Ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungiwa chini ya mnara wa kurushia kulikuwa na kadi ndogo iliyonakili kila amri iliyopita. Zimamoto walikuwa wameuzungushia mnara utepe na kuweka walinzi wa serikali. Kadi ilikuwa bado mle, na haikubadilishwa. Ilionyesha meza ya Basim. Ilionyesha pia jina la aliyeandika njia ya mkato, na tarehe. Akikaa kimya, hakuna mtu duniani ambaye angeitafuta.

Rispah, dada mkubwa wa Nehemiah, alifanya kazi za ndani katika jumba moja la Al-Hamra kwa mwaka wa tano. Elkanah alimkuta chumba cha kufulia, nyuma ya jikoni, akipiga pasi kanzu nyeupe za bosi. Macho yalikuwa mekundu lakini mikono haikusimama. Kazi haikumpa likizo ya kulia.

"Karibu, kaka," alisema. Kisha akaona mkono. "Umefanywa nini?"

"Dada, ofisini walikuambia nini?"

"Walinipigia simu. Wakasema Nehemiah alisahau ufunguo. Nikawaambia ndugu yangu hasahau kitu, wakasema pole." Aligeuza kanzu. "Hata mbuzi hakuwahi kusahau kuwafungia, akiwa mtoto."

"Hakusahau. Alikuwa nao mkononi. Aliniambia kwa mdomo wake, na nikauona."

Pasi ilisimama.

Elkanah alimweleza yote, akiwa amesimama. Alieleza kuhusu Basim na meza, kuhusu walinzi na jiliwa, kuhusu mistari minne aliyoibadilisha. Angeweza kuishia hapo, na Rispah angemlilia kama ndugu. Lakini aliendelea.

"Na ile njia iliyoupuuza ufunguo, niliiandika mimi. Nilisema nitaifuta. Nikachoka, nikalala, nikasahau. Mimi ndiye niliyesahau, dada. Si yeye."

Rispah aliikunja kanzu, akaiweka kando. Kisha akainua pasi na kumpiga nayo.

Ilimpata kati ya shingo na bega. Alisikia nyama yake ikiungua kabla ya kusikia maumivu. Akampiga tena, kwa ubapa, kifuani, shati likashika rangi ya kahawia. Waya ulichomoka ukutani. Elkanah alianguka juu ya kikapu cha nguo na hakuinua mkono kujikinga. Rispah alitupa pasi, akamvamia kwa ngumi, akimpiga usoni, akiita jina la ndugu yake kwa kila pigo.

"Alikupikia! Alikuwa anakupikia!"

Madam, mke wa bosi, aliingia mbio, akamshika Rispah kiunoni na kumvuta. Alikuwa mwanamke mzito mwenye sauti ndogo. Aliona vidole vilivyovimba, aliona alama ya pasi, akauliza kwa Kiarabu. Rispah alijibu kwa Kiarabu cha jikoni, huku akitweta, neno kwa neno: ndugu yangu, moto, uongo, huyu anajua. Madam aliketi kwenye kiti cha plastiki. Mwishowe akasema dereva atawapeleka polisi.

"Utaenda sasa hivi," Rispah alimwambia Elkanah. "Na hutaruka hata neno moja. Nitakaa nyuma yako nisikie."

Alikaa nyuma yake kwa saa tatu. Kapteni Nayef, ofisa wa upelelezi, aliandika yote kwa mkono, akiuliza jambo moja mara mbili tatu. Kesho yake Elkanah alipelekwa ufukweni kuonyesha kisanduku. Kadi ilikuwa na masizi, lakini ilisomeka.

Basim aliletwa Jumatatu, akiwa na suti na wakili. Kapteni aliwakalisha pande mbili za meza, akageuza skrini, akasoma saa, dakika, sekunde, na namba ya meza iliyotoa amri. Basim alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaruka juu ya meza. Alimshika Elkanah kooni kwa mikono miwili, wakaanguka na kiti, kichwa cha Elkanah kikagonga sakafu. Dunia ilikuwa inaanza kuwa nyeusi aliposikia kitu ndani yake kikikatika. Alimpiga Basim kichwa cha pua. Alisikia mfupa ukivunjika na damu ya moto ikimwagika juu ya uso wake, akampiga tena, na tena, na baada ya hapo hakuwa anajiokoa. Alifurahi. Polisi wanne waliwatenganisha, naye bado alikuwa anafurahi. Furaha hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko vyote alivyopitia, na alimweleza kapteni hivyo.

Kapteni alimpa kitambaa. "Hilo sitaliandika," alisema.

Basim alifungwa miaka saba. Elkanah alifungwa miezi kumi Jeddah kwa njia ile ya mkato na kwa ile mistari minne, kisha akarudishwa Kenya. Wakati huo Rispah alikuwa amesafiri zamani na jeneza, na hakurudi tena Al-Hamra.

Wiki ya pili baada ya kufika, Elkanah alikwenda kwa kina Nehemiah, nje kidogo ya Kimilili. Reuben, babake Nehemiah, alikuwa uani na fimbo yake. Hakuitikia salamu. Rispah ndiye aliyeleta kiti.

"Kaa umweleze baba," alisema. "Kama ulivyoeleza kule."

Elkanah alieleza. Mjane wa Nehemiah alitoka nyumbani akasimama mlangoni, akasikiliza akiwa amefumba macho. Elkanah alipofika kwenye gari na maji ya chupa, alirudia maneno yale yale mara mbili, hakuna aliyemsaidia, akamaliza mwenyewe.

Reuben aliinuka. Alimpiga fimbo moja mgongoni, kwa nguvu zote alizobakiza, hata fimbo ikamponyoka. Hakuiokota. Aliingia ndani, akafunga mlango.

Elkanah alisimama polepole, akageukia njia.

"Kesho tunachimba msingi," Rispah alisema. "Nyumba ya mjane. Nehemiah alikuwa ameipima kabla hajaondoka. Wachimbaji ni wawili tu."

"Baba atakubali?"

"Sijamuuliza. Na mimi sijakusamehe, usidhani. Tunaanza saa moja."

Alifika saa moja kasorobo, akiwa na jembe lake.