Alama ya Kijani kwenye Ujumbe wa Mama

Mimi sipendi kusubiri, na sipendi kumwona mtu akisubiri. Ndiyo maana, nilipotengeneza tovuti ya familia yetu, niliipanga ianze kuvuta ujumbe wa sauti kutoka mtandaoni mara tu mtu afunguapo ukurasa wa ujumbe huo, kabla hajabonyeza chochote. Akigusa tu, sauti inatoka papo hapo. Nilijisifu kwa hilo mpaka nikawachosha wenzangu kazini.

Mwezi uliopita mama alirekodi ujumbe kwa kaka yangu Hatem. Walikuwa hawasemezani tangu harusi yake, miaka miwili sasa. Mama hakwenda harusini kwa sababu mke, Malak, ni wa watu waliotoka Tabora, nasi tuliotoka Unguja tuna kiburi chetu, Mungu atusamehe. Katika ujumbe huo aliomba radhi kwa dakika nne, akalia katikati. Kesho yake alama ya kijani ikatokea: umesikilizwa.

Jibu halikuja. Kila asubuhi, kabla sijatoka mtaani kwetu Mabela kwenda kazini, mama alinipa simu yake nimtazamie. Wiki ya tatu akasema, "Kanisikia, Nasriya, na kanyamaza. Khalas, basi, nshapata jibu langu." Chakula kikawa hakimpiti. Nikamkasirikia Hatem, nikataka kumpigia nimpe vidonge vyake.

Kabla sijapiga, niliona alama ileile ya kijani kwenye ujumbe alionitumia shangazi, nami nilikuwa nimeufungua tu, sijausikiliza. Alama nilikuwa nimeiunganisha na kuvutwa kwa sauti, si na mtu kubonyeza kitufe cha kusikiliza. Pupa yangu hiyo! Nikafungua kumbukumbu za tovuti. Hatem aliingia kwenye ukurasa ule mara ishirini na moja, kila siku baada ya laasiri. Kitufe cha kusikiliza hakukigusa hata mara moja.

Nilimfuata mama sebuleni, nikamweleza kosa langu lote, nikingoja anikaripie.

"Hajanisikia?"

"Hajakusikia, mama. Lakini kila siku anakuja kuutazama ujumbe wako. Nadhani anaogopa ulichosema."

Mama akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Nililia naye, sioni haya kusema. Kisha akainuka kutafuta abaya yake.

"Nipeleke."

"Ngoja nimpigie kwanza, awe na habari."

"Usimpigie. Mie nshangoja kutosha."

Nyumbani kwa Hatem, mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, mlango ulifunguliwa na Malak. Hatem alisimama nyuma yake, simu mkononi. Alisema, "Mama."

Mama alimtazama mwanawe, machozi yakimtiririka, lakini mikono aliyoishika ni ya Malak, yote miwili.

"Nimekuja harusini, mwanangu," akamwambia. "Nimechelewa. Bado mtanikaribisha?"