Nukta ya Priscah

Priscah aliutaka ukatibu wa kituo cha kukusanyia majani ya chai hadi akauota. Lakini katibu wa pale Roret huwa mtu wa kufunga mdomo, na mdomo ndio uliokuwa shida ya Priscah.

Siku moja, wakisubiri lori la majani, Nelvine, msichana anayesoma chuo kikuu, alimweleza yeye peke yake kuhusu utafiti wake. Angepita boma kwa boma akiuliza watu hupata habari kwa nani, kisha kompyuta ichore kila mtu kama nukta. Mwenye kusambaza habari nyingi, nukta yake inanona.

 Priscah aliacha kikapu palepale akaanza kuzunguka.

"Kuna msichana anakuja na kompyuta. Akiuliza mnapata habari kwa nani, mimi simo. Sawa?"

Alipita maboma thelathini na saba, hata kule ng'ambo ya kijito kwa Mzee Kiptum, mgane anayeishi peke yake. Wote waliahidi.

Jumapili ya uchaguzi, baada ya ibada, Nelvine alimulika mchoro ukutani. Katikati palikaa nukta nene kama sufuria ya harusi. Priscah.

"Na waliahidi!" likamponyoka.

"Walitimiza, Mama. Lakini niliuliza pia nani aliwaambia nakuja. Wote wakasema ni wewe."

Kanisa zima lilicheka, na mpinzani wake Phyllis akacheka kuwashinda wote. "Hebu mtoe tuone!"

Nelvine akabonyeza. Nukta nene ikatoweka, mistari ikakatika, watu wakatawanyika ukutani kila mmoja kivyake. Mmoja alisogea mpaka pembeni kabisa. Kiptum. Kicheko kikafa.

Mzee akainuka na fimbo yake. "Wiki aliyonijia Priscah, hakuna mtu mwingine aliyefika kwangu. Mrudishe huyo mama."

Akarudishwa. Kisha wakapiga kura kwa kupanga mlolongo. Nyuma ya Phyllis foleni ilitoka hadi mlangoni. Nyuma ya Priscah alisimama Mzee Kiptum, basi.

Iliuma, tena sana. Priscah akampa mzee mkono, akajifunga leso vizuri kichwani, akashika njia ya mkato katikati ya michai.

Phyllis alipofika kwake akihema kwa furaha, mumewe alikuwa mlangoni, anatabasamu.

"Hongera, katibu," akamwambia. "Priscah ametoka hapa sasa hivi."