Pindo la Gauni la Waridi

Mshonaji aliingia kwa fundi wa fremu akiwa ameibana picha kwapani kama kuku wa wizi. Akaiweka mezani, ingali imefungwa kwenye shuka.

"Fremu imevunjika," akasema. "Itengeneze, halafu ukimpata wa kuitaka, mpe. Kwangu hairudi."

Fundi, mzee mwenye penseli sikioni, akaifunua. "Mama, hii kachora mtu anayejua kazi. Mbona unaitupa?"

"Ungechorwa wewe umevikwa sanda, ungeitundika sebuleni?"

Fundi akacheka, kisha akamtazama usoni na kukimeza kicheko chake.

Ilikuwa picha ya pwani. Rangi haikupakwa ikalainishwa. Ilidonolewa kwa brashi, doa kando ya doa, kama kuku adonoavyo mtama. Ukiisogelea, unaona madoa tu. Ukirudi nyuma hatua tano, mawimbi yanaamka, miamba inasimama, na chini kabisa mwanamke anatazama maji. Lakini anga lilikuwa jeupe, mchanga mweupe, vivuli vya buluu ya baridi, na mwanamke yule mweupe toka shingoni hadi miguuni.

Aliyeichora ni dada yake, tumbo moja, ziwa moja. Miaka sita iliyopita dada aliileta kama zawadi, wakati huo macho yake yameshazimika, anapapasa ukuta.

"Mdogo wangu, nilikuchora nikiwa bado naona. Miaka kumi na miwili imekaa barazani kwangu inaota jua. Ni wewe, asubuhi, na lile gauni lako la waridi."

Mshonaji aliifunua mbele ya wageni, akakutana na weupe. Wageni wakatazamana. Na wiki ileile yeye na dada yake walikuwa wamegombea kitanda cha marehemu mama yao, dada akafika mahali pa kusema, "Kichukue, ukafie juu yake!"

"Waridi liko wapi?" mshonaji alipiga kelele. "Umenivika sanda, halafu unajificha nyuma ya upofu!"

"Sikuchora hivyo," dada akasema. Akarudia, "Sikuchora hivyo." Akaondoka akipapasa ukuta. Tangu siku hiyo, si mguu wala salamu. Picha ikasukumwa nyuma ya kabati. Kuitupa mshonaji aliogopa, kuitazama hakuweza. Juzi kabati liliposogezwa ndipo fremu ikapasuka.

Fundi aling'oa misumari kwa koleo, mmoja mmoja, akainyanyua fremu. Akainama karibu.

"Mama. Hebu njoo."

Pande zote nne, pale mdomo wa fremu ulipokuwa umeifunika picha, palikuwa na ukanda mwembamba kama kidole cha mwisho. Ndani ya ukanda ule anga lilikuwa linapambazuka. Mchanga ulikuwa na joto, vivuli zambarau. Na chini, pindo la gauni: waridi, waridi linalopiga kelele.

"Jua," fundi akasema. "Waridi la namna hii halivumilii jua, linaondoka polepole. Na zambarau iliyochanganywa nalo inabaki buluu tupu. Palipofunikwa ndipo palipopona."

Mshonaji akaishika meza. Miaka thelathini kazi yake ni kufumua mapindo. Kila wiki mtu humletea gauni lililopauka alirefushe; akifumua, ndani ya pindo anaikuta rangi ya dukani, mbichi kama ya jana. Huwaonyesha wateja: "Ona lilivyokuwa!" Kila wiki ya Mungu.

"Mama, nikuletee maji?"

"Ya nini? Ya kuoshea aibu?"

"Naweza kukutengenezea fremu nyembamba, hilo pindo lionekane."

"Na jua litalila?"

"Litalila."

"Basi acha." Akaifunga picha kwenye shuka, bila fremu, akatoka karibu kukimbia.

Dada alikuwa barazani kwake, uso ameuelekeza juani.

"Nani?"

Mshonaji akapiga magoti, akaifunua picha, akakishika kidole cha dada na kukiweka ukingoni, chini. Kidole kikatembea juu ya madoa, kikasita.

"Hili pindo," dada akasema taratibu. "Mdogo wangu?"

"Mimi, dada."

"Rangi gani?"

"Waridi. Hukusema uongo."

"Na juu?"

Hapo ndipo mshonaji alipotambua kwamba dada hajui kilichoipata picha. "Juu jua limekula, dada. Pamebaki peupe."

"Anga? Vivuli?"

"Vyote. Kimebaki kipande cha upana wa kidole."

Mdomo wa dada ukabaki wazi. "Niliitundika juani ili ipendeze," akanong'ona. "Mkono wangu huuhuu."

Mshonaji aliona mwanga unateleza juu ya lile pindo, akainuka haraka akasimama katikati, mgongo kwenye jua.

"Umesimama wapi?" dada akauliza. "Jua limenitoka usoni."

"Nalikinga, lisile pindo."

Dada akapapasa hewani hadi akaushika ukosi wa nguo ya mdogo wake, akaukaza.

"Basi usitoke hapo."