Ubao wa Redioni

Maradhi yalipofunga shule, wizara ilitafuta mwalimu wa kufundisha hesabu redioni. Mwalimu Chaki alijua ni yeye tu. Wakamchukua mwenzake, kijana aliyekuwa akimfuata kuuliza maswali. Wivu ukamjaa.

Siku ya kwanza alikaa na bintiye karibu na redio, akiomba mwenzake aumbuke.

"Sasa watoto, tazameni hapa ubaoni, nachora pembetatu," ilisema redio.

Mwalimu Chaki aliangua kicheko. "Redioni kuna ubao? Bwege huyo!"

"Baba, nyamaza bwana! Nachora."

Alichungulia daftari. Pembetatu ilikuwa sahihi, pembe zote zimepimwa. Yeye alimfundisha hiyohiyo mwaka mzima, asielewe.

"Haya mwanangu, chora," alisema, na mate yakawa machungu mdomoni.