Ukingo wa Sentimita Hamsini na Nane

Umemwona. Usiniambie hujamwona. Umemwona mama yako akitoka bafuni ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili, taulo kavu begani, na ukarudisha macho kwenye simu kwa sababu huko kulikuwa na kitu cha kuchekesha. Ulijua kuna jambo, ukapita. Mimi pia nilipita, ndiyo maana nakujua.

Mimi ni fundi bomba. Darasani sikukaa, ufundi nimeupata kwa kufungua mabomba ya majirani waliokubali kulowa. Wananiita Koki. Walinipa jina hilo kwa kejeli, walipoona mwanamke amebeba spana. Kejeli ikachoka, jina likabaki. Nina ubaya mmoja ambao ndugu zangu wote wanaujua: sisahau. Nakumbuka nani alisema nini, na alikuwa amesimama wapi aliposema.

Nakumbuka, kwa mfano, nyumba ya tajiri ambako Mama alifanya kazi za ndani miaka kumi na tisa. Humo kulikuwa na hodhi la kuogea, lile refu, jeupe, mtu analala ndani maji yanamfika kifuani. Mama alilisugua kila asubuhi amepiga magoti juu ya vigae, kichwa kiko ndani ya hodhi, nyayo zinatutazama sisi. Shule ikifungwa alikuwa akitupeleka, kaka yangu na mimi, tunakaa kimya kwenye ngazi za jikoni tusije tukasikika. Siku moja kaka, ana miaka minane, akachungulia bafuni akauliza, "Mama, wewe unaingia humu saa ngapi?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mimi? Mimi naliogesha lenyewe."

Kaka hakucheka. "Nikiwa mkubwa nitakununulia lako," akasema. Jioni tulirudi kwetu tukaoga kwenye karai, zamu kwa zamu, mimi wa mwisho, maji yameshakuwa na rangi ya chai.

Basi yule mtoto akakua. Akasoma, akapata kazi ya ofisini, akajenga, akamchukua Mama akae naye. Mwaka jana, kichwa kimeshaanza mvi, akanipigia simu. "Mdogo wangu, njoo na futi yako. Bafu la Mama tunalivunja tunalitengeneza upya. Nataka hodhi."

Nikaenda. Bafu lilikuwa na mita mbili na sentimita kumi kwa mita moja na sabini. Choo cha kukaa, sinki, shawa ukutani, na sakafu iliyoteremka taratibu kuelekea kwenye tundu la maji katikati. Mama alikuwa akiogea humo amekaa juu ya stuli ya plastiki, mlango kaufunga, anaimba vibaya kwa sauti kubwa. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, na pamoja na magoti mambo mengi yalikuwa yamemwishia. Jikoni walimkataza wasije wakamkuta ameungua. Kwenda sokoni peke yake walimkataza. Nguo zake zilifuliwa na mashine, na aliilaumu mashine kila siku.

"Kuoga ndiko nilikobaki nako," aliniambia siku ile ninapima. "Siku nitakayoogeshwa kama kichanga, mhesabu nimeshaondoka. Kitakachobaki kitandani mfanye mtakavyo."

Nikamwendea kaka sebuleni. "Kaka, Mama ana magoti."

"Nani hana?"

"Ya kwake hayakunjiki."

"Ndiyo maana anahitaji maji ya moto alale ndani yake! Umeshasahau daktari alisema nini? Wewe si ndiye usiyesahau?"

"Mwachie shawa yake isiyo na ukingo. Mjengee benchi la vigae, umwekee chuma cha kushikia."

"Benchi," akasema, kama nimesema zizi. "Mama yangu akae kwenye benchi, anasubiri nini, foleni?"

Wifi yangu, mke wake, aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari ya wanafunzi aliyokuwa akisahihisha. "Nyinyi wawili mkianza, hata choo hatutakipata. Si muweke vyote? Hodhi, na shawa juu yake. Pazia moja. Anayetaka kulala alale, anayetaka kusimama asimame."

"Na Mama anayekaa?" nikauliza.

"Atakaa ndani ya hodhi," kaka akajibu. "Hodhi ni nini kama si kiti kirefu?"

Tukacheka wote watatu. Utaniuliza kwa nini nilikubali, mimi ninayepigana na wenye nyumba mji mzima. Nilikubali kwa sababu nami nilikuwa kwenye zile ngazi za jikoni. Nami nilitaka kumwona Mama ndani ya hodhi lake.

Sasa sikia kuhusu kazi yangu. Kabla sijagusa bomba, huwa nachora. Nachora hodhi kwa chaki sakafuni, ukubwa wake halisi, kisha naweka ubao juu ya makopo mawili ya rangi, ubao ufike pale utakapofika ukingo. La kaka lilikuwa na ukingo wa sentimita hamsini na nane. Halafu kila mtu wa nyumba hiyo anavua viatu, anavuka ubao, anasimama ndani ya chaki na kunyoosha mkono pale ambapo angependa koki iwe. Nami naweka alama ukutani. Nimeokoa viuno vya watu wengi kwa ubao ule. Anayeukwaa, ramani nabadilisha, hata kama mwenye nyumba ananuna.

Kaka akavuka. Wifi akainua sketi, akavuka akilalamika, "Mnanirusha uzio kama mbuzi." Watoto wakavuka mara nne nne. Nikamgeukia Mama, aliyekuwa amekaa kwenye kiti mlangoni.

"Mama, zamu yako."

"Mimi sipimwi," akasema. "Mimi ni nguo?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, chaki mkononi. Kaka akasema, "Mwache Mama. Kila kitu humu ni chake, atazoea." Basi nikainua mkono nikaweka alama ya Mama ukutani kwa kumkadiria. Nilimkadiria kwa kumbukumbu. Niliyemkumbuka ni yule mwanamke mrefu aliyekuwa akiruka mtaro na ndoo kichwani, mimi nikiwa mgongoni mwake. Kati ya watu wote ambao nimewahi kuwafanyia kazi, niliyeacha kumpima ni yule niliyedhani namjua kwa kichwa.

Kazi ilikwenda wiki tatu. Hodhi lilikaa ukuta wa ndani, likaenea kama limezaliwa pale. Kwa kuwa lilikuwa na njia yake ya maji, tundu la katikati ya sakafu halikuhitajika tena. Nililiziba kwa saruji mimi mwenyewe. Nikasawazisha sakafu, nikaweka pimamaji, kiputo kilitulia katikati kabisa. Nikajisifu.

Siku ya kufungua, kaka alimleta Mama amemshika kiwiko. Mama akapitisha kidole juu ya ukingo, taratibu, kama anayekagua vumbi. "Limenyooka," akasema. Kaka akageukia dirishani akapenga kamasi kwa muda mrefu. Mama akamtazama mgongo, kisha akautazama ukingo, kisha mimi. Niliyaona macho yale. Nikajishughulisha kukusanya zana.

Ilipita miezi minne. Kila jioni, alivyosema kaka, shawa ilisikika ikimwagika dakika ishirini. "Mama hatoki humo siku hizi!" aliniambia kwenye simu, sauti imejaa. Kuhusu kuimba hakuna aliyesema kitu. Nami sikuuliza.

Kisha wifi akapiga. "Fundi mashuhuri, bomba lako linavuja. Ukuta wa ukumbini unabambuka rangi, na mlango wa bafu umevimba, haufungi tena sawasawa."

Jina langu limeguswa, nikafika asubuhi ile ile. Nikafunga koki zote nikatazama mita: imetulia. Nikajaza hodhi, nikaliacha saa nzima: halikupungua. Mabomba yangu hayakuvuja, na nilitaka kumwita wifi aje ajionee. Ndipo nikapiga magoti kupapasa kona kati ya choo na mlango. Vidole viliteleza. Kati ya kigae na kigae, mbali kabisa na hodhi, kulikuwa na sabuni. Sabuni ya mche, ile ya bluu ambayo nyumba nzima anaitumia Mama peke yake. Nikachungulia nyuma ya choo: kopo la plastiki, na kitambaa kimekunjwa vizuri, kibichi.

Mama alikuwa nyuma yangu. Sikujua amesimama pale tangu lini.

"Funga mlango," akasema.

"Haufungi, Mama. Umevimba."

"Basi sema polepole."

Akakaa juu ya kifuniko cha choo. Akanieleza kama anavyoeleza mtu mapishi. Anaingia, anafungua shawa iseme ndani ya hodhi tupu. Anakaa pale alipokaa. Anachota sinkini kwa kopo, anajimwagia, anajisugua, anajimwagia. Kisha anainama na kitambaa kukausha sakafu, na kisichokauka kinajificha ukutani.

"Umejaribu kuingia?"

"Siku ya kwanza. Mguu mmoja uliingia, wa pili ukakataa. Nikakaa juu ya ukingo kama kuku juu ya tenga, sijui niteremkie upande gani."

"Kwa nini hukuita?"

"Nimwite nani aje anione?" Akanyoosha kanga yake juu ya magoti, yale magoti makubwa, meusi, yenye sugu. Yaliharibikia kwenye hodhi la watu, na sasa yalimzuia kuingia kwenye lake. "Kaka yako akisikia mvua ile anafurahi. Namsikia huko sebuleni anawaambia watoto, 'Bibi yenu yumo.' Ukimwambia utamvunja."

"Mama, sakafu hii haina pa kutolea maji. Nililiziba tundu. Utateleza."

"Nimesugua sakafu za watu maisha yangu yote bila kuteleza, nitateleza kwangu?"

Tukakubaliana. Kaka tutamwambia ni bomba. Jumamosi, akiwa kazini, nitarudi na tindo, nifungue lile tundu, nimfungie chuma ukutani, nimrudishie stuli yake. Nikatia kopo nyuma ya choo kama nilivyolikuta. Nikamwambia wifi ni kiungo kimelegea.

Jumamosi kulikuwa na mkutano wa wapangaji wa yale maghorofa ambayo maji hufika ghorofa ya pili yakachoka. Wakaniita nizungumze. Nikasema Mama nitamfanyia Jumatatu. Nilisimama juu ya kreti mpaka jioni, nikafoka kuhusu maji na haki ya mtu kujisafisha kwa heshima nyumbani kwake. Watu walipiga makofi. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni nami niliendelea.

Mama alikuwa ameteleza. Ilikuwa nyonga. Mlango uliovimba, ambao Mama aliubana kwa nguvu mpaka ukakwama, uliwachelewesha. Kaka, aliyekuwa amesharudi kutoka kazini, aliusukuma kwa bega huku shawa inamwagika ndani ya hodhi na Mama yuko chini, upande wa pili kabisa, sabuni mkononi. Kaka alisimama pale akitazama hodhi kavu ukingoni, kisha kopo. Hakuhitaji kuelezwa.

Sasa Mama analala chumba cha mbele. Tunamwogesha kitandani, wifi na mimi, kwa beseni na kitambaa. Maji yana joto analolipenda. Tunamsemesha, tunamtania. Tukianza tu kumvua, anageuza uso ukutani na kufumba macho, na hafumbui mpaka tumemaliza kumvisha. Hajawahi kutukemea. Alinionya mapema kitu gani kitabaki kitandani, na mimi sisahau.

Mwezi uliopita nilikwenda na nyundo. Kaka alinisubiri mlangoni mwa bafu amevaa nguo za kazi kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nilipiga pigo moja kwenye vigae vya pembeni. Sauti ya Mama ikatoka chumbani.

"Mnavunja nini?"

Kaka akaenda akasimama kwenye mlango wake. "Hodhi, Mama."

"Lisugueni kwanza. Msitoe kitu kichafu nje watu wakaona."

Kaka alirudi, akachukua brashi na sabuni ya bluu. Akapiga magoti, kichwa kikaingia ndani ya hodhi, nyayo zikanitazama. Alisugua kuanzia mwisho mmoja hadi mwingine hodhi ambalo halikuwahi kuogewa na mwenyewe. Nilimngoja mpaka akamaliza. Kisha tukalivunja. Tundu la katikati nimelifungua, sakafu inateremka kama zamani, benchi liko, chuma kipo. Hakuna anayeoga humo.

Sasa wewe. Labda una ramani mezani, umechagua rangi ya vigae na pazia. Labda huna ramani, una bafu tu lenye ukingo au ngazi, na mzee anayekuambia kila siku kwamba ameshaoga. Weka kitabu hiki chini. Tafuta makopo mawili na ubao, au panga matofali, au inua mkono wako hewani kwa kimo cha ukingo ule. Mwite. Akisema hapimwi, usicheke. Mwombe avuke, mtazame mguu wa pili, usimtazame usoni, usoni atakudanganya kwa kukupenda. Usingoje Jumamosi. Mimi nilikuwa na Jumamosi.

Yumo chumba cha pili hapo, unamsikia akikohoa. Inuka.