Uzi wa Njano Bombani

Saa moja kasoro robo asubuhi ukungu ulikuwa umefunika uwanja wa shule, na kwenye korido watoto walikuwa wakifagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Mwalimu wa nidhamu aliwatazama kupitia dirisha la ofisi ya walimu. Mpango ulikuwa wake: mwalimu akimwona mwanafunzi akitenda jema, anamfunga uzi wa njano mkononi papo hapo na kumtajia alilolitenda. Sasa wema wote ulikuwa umehamia chini ya dirisha hilo. Mmoja alidondosha karatasi, mwenzake akaiokota, kisha wakapeana zamu. Walikwenda polepole kama watu wanaotembea chini ya maji, wakiombana radhi kwa makosa ambayo hayakutendeka.

Nyuma ya madarasa, bombani, ambako walimu hawafiki, waliendelea kupigania maji. Jana mtoto wa darasa la pili alisukumwa akavunjika jino.

Mwalimu mkuu, aliyekuwa amesimama nyuma yake ofisini, hakupandisha sauti. Alisema vurugu zikitokea tena bombani kwenye mapumziko ya leo, fimbo itarudi kazini.

"Umetufugia waigizaji, dada yangu," akaongeza.

Ushahidi ulikuwa unafagia mbele ya mwalimu wa nidhamu. Aliona kosa lilipo: uzi ulifuata macho ya walimu, na watoto wakaufuata uzi. Alichukua kibunda chote cha nyuzi akakigawa kwa watoto wa darasa la pili. Aliwaeleza kwamba atakayewapisha wanywe, wamfunge wao wenyewe. Asiyewapisha, wasimwambie neno.

"Na kama mkono wake ni mnene?" mmoja akauliza.

"Mfunge kidole."

Wakati wa mapumziko ukungu ulikuwa bado umetanda. Mwalimu na mkuu wake walisimama pembeni ya ukuta, wasionekane. Wakubwa walifika kwanza, wakawacheka wadogo na nyuzi zao. Kisha mvulana mmoja mrefu akajitoa kwenye msukumano, akawapisha wadogo, akapiga magoti ili afungwe. Wengine wakamfuata. Viwiliwili virefu viliinama kimoja kimoja katika weupe ule, na vidole vidogo vikahangaika na mafundo. Foleni ikaanza kujipanga bila amri ya mtu.

Hapo akaja msichana wa darasa la saba aliyeitwa Tingatinga, bega mbele kama kawaida yake. Wakampisha kwa mazoea. Akashika bomba. Mtoto aliyevunjika jino alikuwa ubavuni pake, uzi mkononi, kimya kama alivyoagizwa. Tingatinga alimtazama mdomo kwa muda, kisha akarudi nyuma hatua moja. Mtoto akaunyanyua uzi.

"Kaa na uzi wako," Tingatinga akasema. "Kunywa, mdogo wangu. Taratibu, hilo pengo lisikuume."

Mtoto akanywa. Kengele ya kumaliza mapumziko ikalia, na hakuna aliyekuwa amesukumwa. Mwalimu mkuu akamwambia mwalimu wa nidhamu, kwa sauti ya chini, kwamba fimbo itabaki ilipo. Tingatinga akalifunga bomba.